DUKA LA MUME NA MKE: LIANDIKWE JINA LA NANI?

Katika miji yetu, tangu Kikuubo na Owino mjini Kampala hadi Jinja, Mbale, Masaka na Arua, si rahisi kuona duka dogo lisilokuwa na mikono ya mume na mke ndani yake. Mume ndiye afuataye bidhaa kwa wauzaji wa jumla na kubishana na wachukuzi. Mke ndiye afunguaye mlango alfajiri, ajuaye nani amekopa sabuni na nani amelipa, na ambaye jioni huhesabu fedha huku mtoto amelala mgongoni. Majirani hulitaja duka hilo kwa jina la mama, au kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Lakini mtu akienda kwenye ofisi ya usajili wa biashara na kuomba kuonyeshwa daftari, mara nyingi atakuta jina moja tu limeandikwa, na jina hilo silo la yule mama.

Je, hilo ni jambo la haki? Na hata kama si la haki, je, dawa yake ni kuwaandika wote wawili? Swali hili limezungumzwa sana makanisani, misikitini na katika mikutano ya akina mama, lakini kwa kawaida huzungumzwa kana kwamba ni suala la mapenzi na uaminifu. Mume huulizwa kama anampenda mkewe au hampendi. Naye hujibu, "Mama watoto, kwani mimi na wewe ni watu wawili?" Na mazungumzo huishia hapo, maana ni mke gani atakayesimama mbele ya wakwe zake na kusema ndiyo, sisi ni watu wawili?

Lakini mbele ya sheria ya Uganda mume na mke ni watu wawili kweli kweli. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 31, inawapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakati wa ndoa yao na ndoa inapovunjika. Wako wanaosoma maneno hayo na kudhani ya kuwa kila kitu cha mume basi nusu yake ni ya mke. Sivyo. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali peke yake au pamoja na wengine, na haki hiyo haifutwi na pete ya ndoa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Esther Kisaakye, iliamua waziwazi kwamba ndoa peke yake haigeuzi mali ya mmoja kuwa mali ya wote wawili. Mali iliyochumwa na mmoja hubaki yake, isipokuwa mwenzake aonyeshe kwamba ameichangia, kwa fedha au kwa njia nyingine.

Uzito wa hukumu hiyo umo katika neno "aonyeshe". Bunge la Uganda halijatunga sheria maalumu ya kugawa mali ya wanandoa. Mswada wa Ndoa na Talaka, uliofikishwa Bungeni mwaka 2009, ulizusha ghadhabu kubwa nchini hata mjadala wake ukasimamishwa mwaka 2013. Kwa hiyo mke aliyefanya kazi dukani miaka kumi na mitano hana karatasi ya sheria ya kushika mkononi inayosema sehemu fulani ni yake. Anatakiwa aende mahakamani na kuthibitisha. Na atathibitisha kwa nini? Hakulipwa mshahara, basi hana hati ya malipo. Hakuajiriwa, basi hana akiba katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Bidhaa zilinunuliwa kwa jina la mume, leseni ni ya mume, akaunti ya benki ni ya mume. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, na mara nyingi mwandiko ni wa mke mwenyewe, ila jina lake ndilo halimo.

SAINI INAPOHITAJIWA

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo jina la mke hutafutwa kwa bidii kubwa, nako ni benki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2004, hairuhusu ardhi ambayo familia inaishi juu yake au kupata riziki yake kutoka humo iuzwe wala iwekwe rehani bila idhini ya mwenzi. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 nayo yasema nyumba ya wanandoa haiwezi kuwekwa rehani mpaka mwenzi akubali. Sheria hizi ni njema, na zimeokoa familia nyingi zisilale nje.

Lakini hebu tuangalie zinavyofanya kazi katika maisha ya mwenye duka. Mume ataka mkopo wa kuongeza bidhaa. Benki yamtaka aweke nyumba. Mke aitwa, aketishwa mbele ya afisa wa mikopo, asomewa karatasi, atia saini. Tangu siku hiyo, duka likianguka, nyumba anayolala yeye na wanawe itapigwa mnada, na sababu ni saini yake. Duka likistawi, je? Duka si lake. Kwa hiyo yule mama amewekwa ndani ya hatari kwa maandishi, na amewekwa nje ya faida kwa kukosekana kwa maandishi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hoja hii moja ingetosha kumaliza ubishi. Anayeulizwa nyumba ikiwekwa rehani kwa ajili ya duka anastahili kuulizwa pia duka ni la nani.

Tena kinga hiyo ya idhini haiendi mbali kuliko ardhi na nyumba. Tangu mwaka 2019 tumekuwa na sheria inayowezesha mali inayohamishika, yaani bidhaa, mashine na mifugo, iwe dhamana ya mkopo. Imewasaidia wafanyabiashara wadogo wasio na ardhi. Lakini maana yake ni kwamba cherehani sita za kiwanda kidogo cha kushona, ambazo mke ndiye aliyezikusanya moja moja, zaweza kuwekwa dhamana na yule ambaye karatasi zinamtaja kuwa mwenyewe, na yeye asijue mpaka mdai afike na gari la kuzipakia.

MSIBA UNAPOINGIA

Watu wengi wanapozungumza juu ya jambo hili huifikiria talaka. Talaka ni jambo la baadhi ya watu, lakini kifo ni cha wote, na ni katika msiba ndipo hesabu huonekana wazi zaidi.

Sheria ya Mirathi ilirekebishwa mwaka 2022. Mtu akifa bila wosia, akaacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mali yake hugawanywa hivi: watoto asilimia 75, mwenzi asilimia 20, wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi huwekwa kando kwa ajili ya mjane na watoto. Hayo ni maendeleo, maana hapo zamani mjane aliandikiwa asilimia 15, na sheria yenyewe ilimtazama mjane mwanamke tofauti na mjane mwanamume, jambo ambalo Mahakama ya Katiba ililikataa mwaka 2007.

Sasa tuchukue duka lenye bidhaa na vyombo vya thamani ya shilingi milioni 20, lisilo na deni. Likiwa ni la mume peke yake, duka zima ni mali ya marehemu. Fungu la mjane ni milioni 4. Milioni 15 ni za watoto, ambao pengine hawajafikia umri wa kusimamia kitu, na pengine baadhi yao mama huyu hajapata kuwaona mpaka siku ya mazishi. Lakini duka likiwa limeandikwa nusu kwa nusu, nusu ya mke haiingii katika mirathi hata kidogo, maana si ya marehemu. Kinachogawanywa ni milioni 10 tu. Mjane anabaki na milioni 10 zake, na juu yake anapata milioni 2 katika fungu la marehemu. Jumla ni milioni 12. Zaidi ya fedha, anabaki na funguo. Anaweza kufungua mlango siku ya nne baada ya maziko na kuuza unga, bila ya kungoja shemeji au hati ya usimamizi wa mirathi kwa ile nusu iliyo yake.

Hesabu hii hugeuka vile vile mke akitangulia. Wako wanaume wengi, hasa wale walioachishwa kazi au waliostaafu, ambao wameingia katika biashara iliyoanzishwa na wake zao. Mke akifariki, mume huyo naye ni wa asilimia 20, na ndugu za marehemu watakaomhesabia bidhaa rafuni hawatakuwa na huruma kuliko ndugu za mume.

Kuna pia jambo dogo ambalo zamani halikuwapo. Tangu mwaka 2009, fedha za simu zilipoingia Uganda, mamilioni ya shilingi za maduka madogo hayako tena kwenye droo. Yako kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina na kitambulisho cha mtu mmoja. Mwenye laini akifa, mwenzake anaweza kuijua namba ya siri, lakini hana haki ya kuitumia, na fedha za kununulia bidhaa hukwama hapo mpaka karatasi za mirathi zipatikane.

LAKINI KUNA SURA YA PILI

Yafaa tuwasikilize pia wale wanaokataa, maana si wote ni wanaume wachoyo. Baadhi yao ni akina mama wenyewe.

Mama anayeuza nguo za mitumba, aliyeanza na furushi moja la mkopo wa kikundi, huuliza: Mume wangu hajatia hata shilingi moja hapa, mbona nimwandike? Leo nikimwandika, kesho atakuja kuchukua mauzo akanunulie mke mwingine kiwanja, na nitakuwa sina pa kushtaki kwa kuwa naye ni mwenyewe. Swali lake ni zito. Ile hukumu ya mwaka 2013, ambayo baadhi ya watetezi wa wanawake hawakuipokea kwa furaha, ndiyo hiyo hiyo inayomlinda mama huyu. Kama ndoa peke yake ingegawa mali nusu kwa nusu, basi mume mvivu angekuwa na nusu ya furushi la mitumba. Sheria ya Kiislamu nayo, ambayo Waislamu wengi wa nchi hii huishi kwayo, tangu mwanzo imeiacha mali ya mke iwe yake mwenyewe, na wajibu wa kulisha nyumba ukawa wa mume.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaotaka kila biashara ya kila mwanandoa iwe ya wote wawili kwa amri. Duka lililojengwa na wawili liandikwe wawili. Kibanda cha mmoja kibaki cha mmoja. Na familia yenye riziki mbili, moja ya pamoja na moja ya mtu peke yake, ina mahali pa kushika mti mmoja ukikatika.

Sura ya pili ya jambo hili ni deni, na hapa watu wengi hujikwaa. Jina la biashara lililosajiliwa si kampuni. Ni jina tu. Mume na mke wakisajili jina la biashara kwa pamoja wanakuwa wabia, na Sheria ya Ubia ya mwaka 2010 inawaweka wabia katika kamba moja: deni la biashara ni deni la kila mmoja wao, hata kwa mali yake ya nje ya duka. Mbia mmoja akikopa bidhaa kwa shughuli za kawaida za biashara, amemfunga mwenzake. Kama hawakuandikiana mkataba, faida na hasara hugawanywa sawasawa, bila kuangalia nani alitia nini. Ubia wenyewe huvunjika mmoja akifa, isipokuwa wamepatana vinginevyo. Kwa hiyo mke aliyefurahi kuandikwa jina lake anaweza kugundua kwamba kitu cha kwanza alichogawiwa ni madeni ya jumla ambayo hajawahi kuambiwa.

Hata asiyeandikwa hana usalama kamili. Mke ambaye kwa miaka mingi amejitambulisha kwa wauzaji wa jumla kuwa ni mwenye duka, na kutia saini ankara kwa jina hilo, anaweza kudaiwa kama mbia na yule aliyemwamini, huku mumewe akimwambia kwamba hana sehemu yoyote. Hii ndiyo hali mbaya kupita zote.

Njia inayozuia deni lisivuke kizingiti cha nyumba ni kampuni yenye hisa. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 watu wawili wanaweza kuwa na kampuni yao, hata mtu mmoja anaweza. Mume na mke hugawana hisa kwa kadiri ya walivyochangia, kampuni ndiyo yenye duka, na wadai wa kampuni huidai kampuni. Mmoja akifa, kampuni haifi. Zinazorithiwa ni hisa zake tu. Lakini tusiwadanganye wananchi: benki ikiwataka wenye hisa waidhamini kampuni kwa mali zao, na kwa kawaida itawataka, basi ule ukuta wa dhima una mlango, na wao wenyewe ndio waliotia saini kuufungua. Kampuni pia hudai kazi. Kila mwaka taarifa zake zapaswa kupelekwa kwa msajili, na mahesabu yaandikwe kwa utaratibu. Kwa mwenye meza ya nyanya Kalerwe, huo ni mzigo usio na faida. Kwa mwenye mashine ya kusaga, duka la vifaa vya ujenzi au nyumba ya wageni, ni mzigo unaobebeka.

Hisa nusu kwa nusu zina hatari yake nazo. Wawili wakikosana, hakuna aliye na kura ya kuamua, na kampuni husimama kama gari lenye madereva wawili. Mawakili wengi hushauri waandike mapema ni nani atakayeamua wakishindwana, na mmoja akitaka kutoka atanunuliwa sehemu yake kwa bei gani. Watu huona haya kuandika mambo hayo wakiwa wanapendana, nao hushindwa kuyaandika wakiwa wamegombana.

WASIO NA CHETI

Hayo yote yamesemwa kana kwamba kila mume na mke wameoana kisheria. Ukweli ni kwamba wengi hawakuoana. Wameishi pamoja miaka kumi au ishirini, wana watoto watano, wazee wanafahamiana, lakini hakuna ndoa ya kanisani, msikitini, ya serikali wala ya kimila iliyokamilishwa. Ndoa ya kimila ina sheria ya kuisajili tangu mwaka 1973, lakini wanaokwenda kuisajili ni wachache. Na katika Uganda kuishi pamoja, hata kwa muda gani, hakugeuki kuwa ndoa.

Mwanamke wa namna hiyo hana ile asilimia 20 ya mjane, na idhini yake haitakiwi kama idhini ya mwenzi. Lakini msajili wa biashara haulizi cheti cha ndoa. Wabia ni wabia, wenye hisa ni wenye hisa, wawe wameoana, ni ndugu, au ni majirani tu. Kwa hiyo yeye, ambaye sheria ya ndoa haimjui, ndiye anayehitaji kuliko wote jina lake liwe katika daftari la biashara. Ni ajabu kidogo kwamba sheria za wafanyabiashara ziwe na mlango mpana kwake kuliko sheria za familia, lakini ndivyo zilivyo.

Jirani zetu wamepita njia yao. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikaamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango. Hata hivyo mama aliyeleta kesi ile hakupata kitu, kwa kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, nazo zilipotea mikononi mwake. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 imeandika waziwazi kwamba kusimamia biashara ya familia ni mchango wa kuhesabiwa, ingawa Mahakama ya Juu ya huko ilikumbusha mwaka 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Laiti Bunge letu lingechukua japo kile kipengele kimoja cha usimamizi wa biashara, mama wa dukani asingelazimika kuanza ushahidi wake tangu ukurasa wa kwanza.

Wakati hayo yakingojwa, wale waliokwisha kusajili jina moja hawakufungiwa mlango. Mabadiliko ya wenye biashara hupokelewa na msajili yule yule aliyeandika jina la kwanza. Kabla ya kwenda huko, wanaofahamu mambo haya hufunga duka siku moja, wakahesabu bidhaa zote rafuni na ghalani, wakaandika madeni yote wanayodai na wanayodaiwa, na wote wawili wakatia saini chini yake. Shughuli hiyo huchukua mchana mzima, na mara nyingi mmoja wao husikia kwa mara ya kwanza juu ya deni moja au mawili.